Anavuja damu, na damu hiyohiyo inaganda

Shikamoo daktari,

Nakuandikia usiku, baba watoto amelala na mguu wake nimeuegemeza juu ya mito miwili. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini na nina genge la mboga. Mume wangu ana miaka 36, ni fundi pikipiki.

Matatizo yalianza miaka mitatu iliyopita. Choo kikawa na damu na kamasi, tumbo linasokota, akitoka chooni dakika kumi hazipiti anarudi. Tuliambiwa amiba, akapewa Flagyl. Ikatulia wiki moja, ikarudi. Tukaambiwa taifodi. Mwingine akasema bawasiri. Kabati letu la vyombo likageuka duka la dawa. Mwaka jana ndugu walichanga, tukampeleka Dar es Salaam, akaingizwa mpira wenye kamera na kukatwa vinyama vya kupima. Hapo ndipo tulipopewa jina: vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa wa kudumu unaolala na kuamka. Akapewa mesalazini na prednisoloni. Uso ukajaa, damu ikakata, akarudi gereji.

Miezi miwili iliyopita ugonjwa uliamka vibaya. Alikuwa akienda chooni mara kumi na mbili kwa siku, hata maji ya kunywa hayakai. Alilazwa siku 12. Siku ya tano, pale palipochomwa kanula ya dripu juu ya kiganja cha kushoto pakavimba na kuwa pekundu, nilipobonyeza pakatoa usaha. Usiku huo alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Walichukua damu wakaiotesha, karatasi ikarudi imeandikwa Staphylococcus aureus, tukaambiwa ana maambukizi kwenye damu. Alichomwa sindano za antibiotiki siku saba, homa ikashuka, tukaruhusiwa.

Siku ya tisa tukiwa nyumbani aliamka mguu wa kushoto umevimba kuanzia kifundo hadi paja, unang'aa, unauma akikanyaga. Mama mkwe alipouona alisema hilo ni tego, mwanawe amekanyaga kitu pale gereji. Jirani akasema ni matende. Mimi nikamkokota hadi kwenye ultrasaundi, tukaonyeshwa bonge la damu ndani ya mshipa mkubwa wa paja. Tukapewa rivaroksabani, miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa wiki tatu, halafu 20 mara moja.

Hapa ndipo nilipokwama. Siku ya nne ya vidonge damu chooni iliongezeka. Akaniambia, "Mke wangu, mimi natokwa na damu, wao wananipa dawa ya kuifanya iwe maji. Wanataka niishe?" Akaacha. Leo ni siku ya tatu hajameza. Prednisoloni nayo anataka kuiacha, kwa sababu mama mkwe amesikia kwamba ndiyo iliyoshusha kinga hadi wadudu wakaingia kwenye damu. Na kesho mama mkwe analeta mama mmoja kutoka Pangani anayesifika kwa kuchua, anatumia mafuta ya karafuu na maji ya moto. Anasema bonge litayeyuka kwa siku tatu.

Daktari, damu inawezaje kumwagika na kuganda ndani ya mtu mmoja? Mwenye makosa ni nani, hospitali, dawa, au sisi wenyewe? Na hayo maambukizi ya damu yatakwisha kweli? Jioni anasikia kibaridi kidogo na usiku jasho linamtoka, lakini malaria tumepima mara mbili na hakuna kitu.

Samahani kwa barua ndefu.

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii haikupanga foleni. Mtu mwenye bonge pajani aliyeacha dawa siku tatu hawezi kusubiri safu itoke, kwa hiyo nilikupigia simu asubuhi ileile kabla mgeni wenu wa Pangani hajafika. Nilikuambia mambo manne kwa haraka: asichuliwe, asiache prednisoloni ghafla, apelekwe leo kwenye hospitali yenye maabara ya kuotesha damu, na ukifika mapokezi uanze kutaja kibaridi cha jioni kabla ya kutaja mguu. Ulishangaa. "Mbona homa, na mimi nimekuandikia mguu?" Nilikuambia nitakueleza baadaye. Ndiyo leo.

Lakini nianze na swali la mumeo, maana ni swali la mtu mwenye akili. Damu inawezaje kumwagika na kuganda kwa wakati mmoja?

Anafikiri damu ina tabia moja mwilini kote: ama ni nyepesi, ama ni nzito. Sivyo. Damu ya chooni inatoka kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo imechubuka na kufanya vidonda. Ni tundu. Bonge la pajani linatokana na jambo jingine: huo utumbo unapowaka, moto wake haubaki tumboni. Ini hupata ishara na kuanza kumwaga kwenye damu protini nyingi za kugandisha, ikiwemo fibrinojeni. Chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyoshikana kuziba jeraha, huongezeka, wakati mwingine kupita kiasi. Zile protini za mwili ambazo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo hupungua. Juu ya hayo mgonjwa anaharisha maji yote, amelala kitandani wiki nzima bila kutembea, na anameza prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, ambayo nayo inasukuma upande uleule. Sufuria linaweza kuwa limetoboka na uji uliomo ukawa mzito hivyohivyo. Ukipunguza uzito wa uji hujaziba tundu, na ukiziba tundu hujapunguza uzito wa uji. Ni kazi mbili, na zote mbili zinafanywa pamoja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1936 madaktari wawili wa Mayo Clinic kule Marekani, Bargen na Barker, waliandika juu ya wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana waliopata mabonge makubwa kwenye mishipa yao. Tangu hapo limethibitishwa tena na tena. Mtu mwenye magonjwa haya ya utumbo, yaani vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn, ana hatari ya bonge kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, mara 2 hadi 3 ya mtu mwingine. Ugonjwa ukiwa umeamka, hatari inapanda zaidi: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2010 uliikuta karibu mara 8. Kwa hiyo mumeo hakukanyaga kitu. Ugonjwa uleule uliompeleka chooni mara kumi na mbili ndio uliomvimbisha mguu.

Sasa vidonge. Lawama kidogo nalipa jina tulilowazoesha watu, "dawa ya kuyeyusha damu". Limefanya kazi mbaya sana. Rivaroksabani haiifanyi damu kuwa maji, wala haiyeyushi bonge. Inachofanya ni kuzuia bonge lisikue na jipya lisizaliwe, huku mwili wenyewe ukilimung'unya lililopo taratibu kwa wiki na miezi. Ukiacha katikati, na hasa katika wiki tatu za mwanzo ambazo dozi ni kubwa kwa makusudi, bonge linapata nafasi ya kurefuka. Kipande kikimeguka kinapanda na mkondo wa damu hadi upande wa kulia wa moyo, kinasukumwa kwenye mapafu na kukwama huko. Mtu aliyekuwa anaongea anaanza kuhema, kifua kinamchoma, wengine wanazimia na hawaamki. Ndiyo sababu ya kukataza kuchua. Bonge bichi la paja likikandamizwa kwa nguvu na mikono yenye mafuta linaweza kumeguka, na maji ya moto hayaongezi chochote ila malengelenge. Mama wa Pangani nadhani ni mtu mwema, na kwa misuli iliyokaza huenda ana mikono ya dhahabu. Huu si msuli.

"Lakini anatokwa na damu." Ndiyo, na hilo halipuuzwi. Ila sikiliza jinsi wanaotibu ugonjwa huu wanavyofikiri. Miongozo ya wataalamu wa utumbo wa Ulaya na Marekani inataka mgonjwa aliyelazwa kwa vidonda vya utumbo mpana vilivyoamka apewe heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, kwa dozi ya kinga kila siku, hata kama choo chake kina damu. Wasiopewa ni wale wanaomwaga damu nyingi hadi presha inashuka. Na kuna kisa ninachokipenda kutoka Ireland. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa huko waliwapa heparini wagonjwa wa vidonda vya utumbo waliokuwa na mabonge, wakashangaa kuona matumbo nayo yanatulia. Majaribio mengi yakafuata kuona kama heparini ni tiba ya vidonda vyenyewe. Haikuthibitika kuwa tiba. Lakini ule mmwagiko wa damu uliokuwa ukihofiwa haukutokea kwa kiwango walichotegemea, na madaktari wakapoteza kisingizio cha kuiogopa.

Kwa hiyo damu chooni ikiongezeka wakati anatumia dawa hii, jibu la kwanza ni kutibu vidonda kwa nguvu zaidi. Kutupa vidonge siyo jibu. Daktari anapima himoglobini, anaangalia mapigo na presha, anapandisha dozi ya tiba ya utumbo au kuibadilisha. Akiona damu ni nyingi mno anaweza kumlaza na kumhamishia kwenye heparini ya sindano, kwa kuwa ile huisha mwilini kwa saa chache na ipo dawa ya kuipinga ikibidi. Hayo ni maamuzi ya wodini. Nyumbani kazi yenu ni kujua ni wakati gani wa kukimbia: damu inayotoka kwa mabonge na haikatiki, kizunguzungu akisimama, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, choo cheusi kama lami, kuhema au maumivu ya kifua. Kichwa kinachouma vibaya kuliko alivyowahi kuumwa nacho kiwemo, kwa sababu wagonjwa hawa wanaweza kupata bonge kwenye vena za ubongo pia. Na tumbo linalouma ghafla kwa namna mpya, kwa sababu vena za utumbo na ini nazo huganda.

Kuna vitu vidogo ambavyo nimeona vikiharibu kazi nzuri. Rivaroksabani ya 15 na ya 20 humezwa pamoja na chakula, na simaanishi chai ya rangi. Isipokutana na chakula mwili hauinyonyi vizuri. Mguu ukiuma asimeze diklofenaki wala ibuprofeni za dukani. Hizo huchokonoa utumbo na kuongeza hatari ya kuvuja damu, atumie paracetamol. Na kama gharama itawafanya mhamie warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ambayo bei yake ni nafuu lakini inataka kupimwa damu mara kwa mara, basi ile Flagyl iliyobaki kabatini itoke nyumbani kabisa. Ikikutana na warfarini huipandisha nguvu hadi mtu anavuja damu hata kwenye fizi. Najua Tanga, kama kwingine kote kwetu, mtu akiharisha mara mbili tayari ana Flagyl mkononi.

Hapo nasogea kwenye kile ulichokiandika mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya akiwa ameshageuka kuondoka. Kibaridi jioni, jasho usiku, malaria hakuna.

Mdogo wangu, hilo ndilo lililonitoa kitandani. Mdudu aliyeoteshwa kwenye damu ya mumeo, stafilokokasi, ana sifa mbaya. Akishaingia kwenye damu hapendi kuondoka bila kuacha mayai, kama watu wa zamani walivyosema juu ya nyoka: hujificha kwenye vali za moyo, kwenye mifupa ya mgongo, kwenye jipu la ndani, au ndani ya bonge la damu lenyewe. Kwa sababu hiyo sindano zake huhesabiwa angalau siku 14, tena tangu siku damu ilipooteshwa upya ikatoka safi, na mgonjwa hufanyiwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Likipatikana jambo kwenye moyo au kwenye mshipa ni wiki 4 hadi 6. Siku saba hazitoshi. Homa kushuka siyo cheti, hasa kwa mtu aliye kwenye prednisoloni, dawa ambayo inafunika homa kama unavyofunika jiko la mkaa na jivu: juu kimya, chini kaa zinawaka. Kwa mtu wa namna hiyo "kibaridi kidogo" kinapaswa kusomwa kama homa kubwa.

Ongeza sasa bonge. Damu iliyoganda ni mahali pazuri kwa mdudu kujenga; imesimama, na dawa haipenyi kirahisi. Ndiyo maana nilitaka waliompokea wasikie kwanza homa. Wangeona mguu peke yake wangeandika vidonge na kukurudisheni. Nilitaka damu ichukuliwe mara mbili kutoka sehemu mbili tofauti za mwili, kabla ya antibiotiki yoyote mpya kuingia, kisha sindano zianze bila kungoja majibu.

Nani mwenye makosa? Umeuliza, na sitalikwepa. Kanula ni mlango. Kila mgonjwa wa dripu anafunguliwa mlango kwenye ngozi, na ukikaa wazi siku nyingi, au ukifunguliwa kwa mikono ambayo haikuoshwa, mdudu wa ngozini anapita. Wodi ina manesi wachache na wagonjwa wengi. Sikuwepo, siwezi kukuambia nani alisahau nini. Siku nyingine akilazwa, tazama ile sehemu kila asubuhi wewe mwenyewe. Pakianza kuuma, kuwa pekundu au kuvimba, sema saa hiyohiyo, "Nesi, naomba hii itolewe." Na kama hana tena dripu wala sindano ya mshipa, uliza kanula inakaa ya nini. Hakuna nesi mzuri atakayekasirika. Uliza pia, "Anapata sindano ya kuzuia damu kugandana?" Sijui kama safari ile alipata. Huenda alipata, bonge huja hata kwa waliopata, ila mara chache zaidi.

Si kila mdudu wa damu anapitia kwenye kanula, lakini. Utumbo wenye vidonda ni ukuta uliobomoka, na nyuma yake kuna mabilioni ya bakteria. E. koli na Klebsiella hupenya hapo. Kwa wenye ugonjwa wa Crohn hasa, jipu likijificha kati ya matumbo huwa linamwaga wadudu kwenye damu kidogokidogo, na wakifika kwenye vena inayopeleka damu kwenye ini wanaweza kuleta maambukizi na bonge mahali pamoja. Na yupo mnyoo mmoja wa kwetu, wa nchi za joto, ambao daktari aliyesomea kwenye baridi anaweza kumsahau: strongiloidi. Huingia kwa kupenya ngozi ya miguu peku, hukaa tumboni miaka mingi bila kelele, mtu akianza steroidi anazaana kupita kiasi na kutoboa utumbo akitembea na bakteria mgongoni. Vidonge vya ivermectin mapema humaliza habari yake. Kama mumeo hajawahi kupimwa wala kupewa, kumbushia. Na vilevile amiba: wale waliomtibu amiba mwanzoni hawakuwa wajinga, kwani amiba wanaweza kufanya vidonda vinavyofanana na hivi, na mtu mwenye amiba akipewa steroidi peke yake utumbo unaweza kutoboka. Kosa lilikuwa kuendelea kubahatisha kwa miaka miwili bila kumwangalia kwa kamera.

Sasa mama mkwe na prednisoloni. Hajakosea kabisa, tumpe haki yake. Steroidi inashusha kinga kweli, inaongeza hatari ya maambukizi kwenye damu kweli, na inasaidia damu kugandana. Hakuna daktari wa utumbo anayefurahi kumwona mgonjwa wake akiishi na prednisoloni. Lakini mwili uliozoea dawa hiyo kwa wiki kadhaa huwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Ukiikata ghafla, tena katikati ya maambukizi, presha inaanguka na mtu anaweza kufa huku kila mtu akitafuta malaria. Hushushwa kwa ngazi, kwa mpango wa daktari, huku dawa nyingine ya kushika utumbo ikipandishwa, kama azathioprini. Hiyo nayo inataka chembe nyeupe zipimwe mara kwa mara. Ikifika kwenye sindano za kisasa kama infliximab, ambazo bei yake inatisha, apimwe kifua kikuu kwanza bila kukosa. Sindano hizo humwamsha mdudu wa TB aliyelala, na kwetu wengi tumelala naye.

Kuhusu matende, jirani asamehewe. Ukanda wa pwani yetu umeyajua kwa vizazi. Lakini matende hujenga mguu kwa miaka, polepole, kwa minyoo inayoenezwa na mbu. Mguu mmoja uliovimba kati ya usiku na asubuhi, kwa mtu aliyetoka kitandani hospitalini, ni bonge hadi ultrasaundi ikatae. Ulifanya vizuri kumkokota.

Juzi ulinitumia ujumbe, na wasomaji watataka kujua. Himoglobini ilikuwa 8.1, chini lakini si ya kuogofya. Damu iliotesha mdudu yuleyule. Eko ya moyo ilikuwa safi, nikashusha pumzi. Amelazwa, yuko kwenye heparini ya sindano, antibiotiki inaingia upya kwa hesabu ya wiki sita kwa sababu ya lile bonge, na madaktari wa utumbo wanazungumza na wenzao wa Dar es Salaam kwa simu. Umeniambia damu chooni imepungua tangu dozi ya utumbo ilipopandishwa, ingawa heparini anachomwa kila siku. Mwambie ndilo jibu la swali lake.

Atakaporuhusiwa atarudi kwenye vidonge kwa muda usiopungua miezi 3. Wengi huongezewa hadi utumbo uwe umelala kabisa, na mwishoni daktari anapima: ugonjwa ukiamka tena, bonge linaweza kurudi. Atembee. Watu hudhani mguu wenye bonge ulazwe usiguswe. Akishakuwa kwenye dawa, kutembea hadi msikitini na kurudi kunamsaidia. Safari ya basi kwenda Dar kwa ajili ya kliniki isifanyike wiki hizi za mwanzo bila ruhusa, na itakapofanyika anywe maji na ashuke kila basi linaposimama, hata kama kondakta anapiga kelele. Chukua karatasi moja uandike ugonjwa wake, bonge na tarehe yake, jina la mdudu, dawa na dozi zake. Karatasi hiyo ikae kwenye pochi ya simu yake. Siku akifika mapokezi usiku hawezi kuongea, itaongea.

Neno moja kwa akina dada wenye ugonjwa huu wanaonisoma, maana si wa wanaume peke yao. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinaongeza hatari ya bonge. Mwambie anayekupa kwamba una ugonjwa wa utumbo kabla hajakupa pakiti. Njia zisizo na estrojeni zipo. Na mkipata ujauzito, semeni mapema kwenye kliniki, kwa sababu ujauzito nao unaongeza hatari ya bonge.

Nabaki na mama mkwe. Uliniambia kwenye simu amenuna, kwamba tumemfukuza mgeni wake na yeye ndiye aliyemzaa mgonjwa. Usishindane naye juu ya tego. Hutashinda, na hakuna haja. Mwombe amsomee mwanawe dua akiwa ameketi upande wa kichwani, mbali na mguu. Kisha mkabidhi vidonge. Wewe una genge, una watoto, una maji ya kuchota. Yeye anaamka alfajiri kila siku na hasahau chochote tangu mwaka mliooana. Kidonge cha asubuhi na uji mzito, cha jioni na wali, na yeye asimame hapo hadi akione kimemezwa. Nina hakika hataruhusu hata kimoja kitupwe.